Aulizwe Anaonaje

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza kwamba majumba ya sanaa ya Marekani, Ulaya na Australia huwaalika wagonjwa wa demensia kuja kutazama michoro, hakosi kuuliza: ya nini, ikiwa akifika nyumbani atakuwa amesahau hata kwamba alitoka? Swali hili si la kejeli. Huulizwa mara nyingi na wale wale wanaouguza wazazi wao, wanaojua kazi ya kumvalisha mzee viatu, kumpandisha gari na kumshusha akiwa hajui anapelekwa wapi. Nalipa uzito wake, ila naona limesimama juu ya dhana ambayo ziara hizi zinaipinga, kwamba thamani ya jambo kwa binadamu ni kile kitakachobaki kichwani mwake kesho. Nitakachojaribu kuonyesha ni kwamba ziara hizi zinafaa kwa sababu zinamwondolea mgonjwa mzigo wa kukumbuka na kumrudishia kazi nyingine ambayo bado anaiweza, nayo ni kutoa maoni. Na hilo likishaeleweka, tutaona kwamba jengo zuri na michoro ya mamilioni ya dola si sehemu muhimu sana ya jambo lenyewe.

Jumba lililoipa kazi hii sura inayojulikana leo ni Museum of Modern Art la New York, ambalo wengi hulifupisha MoMA. Mwaka 2006 lilianza kupokea kila mwezi makundi ya wagonjwa pamoja na ndugu au walezi wao, alasiri ya Jumanne, siku ambayo wakati ule lilikuwa limefungwa kwa umma. Kumbi ambazo siku nyingine hujaa watalii zikawa zao peke yao. Mwaka 2007 mfuko wa MetLife Foundation ukatoa fedha za kuusambaza utaratibu huo, na kwa fedha hizo kikatolewa kitabu cha mwongozo mwaka 2009 na wafanyakazi wa majumba mengine wakafunzwa. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kila mtu hubandikwa jina kifuani, hupewa kiti, na kundi dogo hukaa mbele ya kazi nne au tano tu kwa muda wa saa moja na nusu. Mwongozaji huwaomba watazame kwanza bila kusema kitu. Kisha huwauliza wanaona nini, halafu wanadhani kinatokea nini, halafu wao wenyewe wanaonaje. Habari za mchoraji hutolewa kidogo kidogo, pale mazungumzo yanapozihitaji. Kuna swali moja ambalo mwongozaji mzuri hulikwepa muda wote, nalo ni “unakumbuka?”

Tuchukue mchoro mmoja wa jumba hilo, The Sleeping Gypsy, alioumaliza Henri Rousseau mwaka 1897. Mwanamke amelala mchangani jangwani, amevaa vazi la mistari ya rangi, fimbo mkononi, pembeni yake ala ya muziki ya nyuzi na mtungi. Mwezi umejaa. Simba amesimama nyuma yake, mkia juu, anamnusa. Rousseau alikuwa karani wa ushuru mjini Paris aliyejifundisha kuchora mwenyewe, na alipomwandikia meya wa Laval, mji alikozaliwa, akiomba mji uununue mchoro huo, alieleza kwamba simba yule hamli mwanamke. Kwa nini hamli, hakusema. Na mji haukuununua. Sasa waketishe mbele ya mchoro huu profesa wa historia ya sanaa na fundi cherehani mstaafu ambaye hajui leo ni mwezi gani, uwaulize simba anataka nini. Anamlinda? Ameshiba? Yumo ndani ya ndoto ya mwanamke? Profesa anaweza kueleza mambo mengi kuhusu Paris ya wakati ule, lakini kuhusu nia ya simba hana alichomzidi fundi. Wote wawili wana macho, wote wana umri, wote wamewahi kuogopa. Na fundi huenda akaliona vazi lile kwa jicho ambalo profesa hana. Usawa huo hautolewi kwa huruma. Umo ndani ya swali lenyewe, kwa sababu ni swali ambalo halina jibu lililofichwa mahali.

Ulinganishe na maisha ya kila siku ya mtu aliyekwisha kuambiwa ana demensia. Hospitalini hupimwa kwa maswali. Kipimo kilichoenea kuliko vyote, kilichotungwa mwaka 1975 na Marshal Folstein na wenzake, kina alama 30: leo ni tarehe ngapi, tuko mji gani, rudia maneno haya matatu, hesabu kurudi nyuma kwa saba saba, nakili umbo hili. Daktari ana haki ya kuuliza hivyo. Bila kipimo hakuna utambuzi wa ugonjwa. Tatizo ni kwamba mtihani huo humfuata mgonjwa nyumbani. Wageni wanaingia, shikamoo inaitikiwa vizuri kabisa, kisha mtu anainama mbele ya mzee na kuuliza kwa sauti ya juu, kama anayesema na kiziwi: “Bibi, unanijua mimi ni nani?” Bibi anatabasamu, anatafuta, anakosa, na sebule nzima inaona alivyokosa. Anayekuja baada ya nusu saa atauliza hivyo hivyo. Hakuna mwenye nia mbaya hapa. Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1997, Dementia Reconsidered, kwamba sehemu ya kudhoofika kwa wagonjwa hawa hutokana na jinsi wanavyotendewa na watu wenye nia njema kabisa: kuharakishwa, kusemwa wakiwapo kana kwamba hawapo, kufanywa watoto. Nadhani kuulizwa mara kumi kwa siku swali ambalo ugonjwa wako umeshakunyang’anya jibu lake kunastahili kuingia katika orodha hiyo.

Je, tuna ushahidi gani kwamba maoni bado yapo pale kumbukumbu ilipoondoka? Hapa pana utafiti mmoja ninaouona wa thamani kubwa kuliko umaarufu wake. Andrea Halpern na wenzake, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008, waliwapa wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, postikadi zenye michoro, nyingine za vitu vinavyotambulika na nyingine za rangi na maumbo tu, wakawaomba wazipange kuanzia inayowapendeza zaidi. Baada ya wiki mbili wakawarudia na kazi ile ile. Kumbukumbu ya wagonjwa ilikuwa mbovu kama ilivyotarajiwa; hawakuweza kutofautisha vyema michoro waliyoiona na ambayo hawakuiona. Lakini mpangilio wao ulifanana na ule wa mwanzo kwa kiwango kile kile cha wazee wasio na ugonjwa. Hili lina maana kubwa. Mtu huyu hakuwa akikisia wala kubahatisha, kwa kuwa anayebahatisha hawezi kubahatisha vilevile mara mbili. Alikuwa na jambo analolipenda na jambo asilolipenda, na hakuhitaji kukumbuka hukumu yake ya kwanza ili aitoe tena. Aliitoa upya, kutoka pale pale ilipotoka mwanzo. Tunapozoea kusema kwamba mgonjwa wa demensia “hayupo tena”, ushahidi wa namna hii unatudai tueleze basi ni nani aliyezipanga zile kadi.

Ushahidi wa pili unahusu hisia, nao unajibu moja kwa moja lile swali la kusahau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Edmarie Guzmán-Vélez, Justin Feinstein na Daniel Tranel, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu za kuhuzunisha na, kwa wakati mwingine, za kufurahisha. Dakika chache baadaye wagonjwa walikuwa wamesahau mengi ya waliyoyaona, na baadhi hawakukumbuka lolote. Hisia zikabaki. Huzuni iliendelea hadi nusu saa, na jambo la kushtua katika matokeo hayo ya mwaka 2014 ni kwamba waliokumbuka kidogo zaidi ndio waliohuzunika muda mrefu zaidi, labda kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujiambia kwamba ile ilikuwa filamu tu. Kwa hiyo anayesema “si atasahau” amesema nusu ya habari. Tukio litapotea, na rangi yake itabaki moyoni kwa muda, bila jina wala sababu. Hilo ni la kutia moyo kwa anayempeleka mama yake kutazama michoro, na ni onyo kwa anayemfokea akijipa moyo kwamba muda si mrefu atakuwa hajui kilichotokea. Na hata tukiacha maabara, sielewi kwa nini furaha ya alasiri moja ihitaji kukumbukwa ndipo ihesabiwe. Mtoto wa miaka miwili hatakumbuka wimbo aliobembelezewa, na hakuna anayetumia sababu hiyo kuacha kumbembeleza.

Mwenye shaka anaweza kukubali yote hayo na bado akasema sanaa haina lolote hapa. Mzee ametolewa ndani, amevalishwa vizuri, amekaa na watu, amepewa chai. Nani asingechangamka? Pingamizi hili ni zuri, na kwa bahati limepimwa. Nchini Uingereza watafiti, akiwamo Paul Camic wa Canterbury Christ Church University, waliwachukua watu 66, wagonjwa pamoja na walezi wao, wakawapitisha katika mambo matatu: kushika vitu vya makumbusho, mapumziko ya chai, na kutazama michoro. Kila mmoja alionyesha kwenye kipimo chepesi jinsi anavyojisikia kabla na baada ya kila hatua. Kushika vitu kuliwapandisha, kutazama michoro kuliwapandisha, na chai haikufanya hivyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Sidai kwamba yanamaliza ubishi, maana utafiti mmoja ni utafiti mmoja. Lakini yanaelekeza kidole mahali fulani. Katika mapumziko ya chai mgonjwa alikuwa na watu, alikuwa amekaa vizuri, alikuwa nje ya nyumba. Alichokosa ni jambo mbele yake la kulifanyia kazi. Mazungumzo ya kawaida kwenye meza ya chai yana mitego mingi kwa mtu wa namna hii, kwa kuwa yanakwenda juu ya habari za jana, majina ya watoto na mipango ya Jumamosi. Mchoro unakaa pale ukutani, hauondoki, na ukisahau ulichosema dakika mbili zilizopita unaweza kuutazama tena na kuanza upya bila aibu.

Lazima pia nikiri upande wa pili wa mizani, maana baadhi ya wapenzi wa ziara hizi huandika kana kwamba michoro ni dawa. Haiponyi demensia wala haiizuii kuendelea. Tafiti nyingi ni ndogo. Huyo huyo Camic na wenzake mwaka 2014 walichapisha matokeo ya wagonjwa 12 na walezi wao 12 waliohudhuria kwa wiki nane, kundi moja Dulwich Picture Gallery kusini mwa London penye michoro ya kale, na jingine Nottingham Contemporary penye sanaa ya kisasa. Vipimo vya namba havikuonyesha badiliko la kutegemewa, wakati mahojiano yalijaa watu wanaosema wamejisikia wamo tena katika jamii. Kule Canberra, kwenye National Gallery of Australia, ambako kazi hii inafanyika tangu 2007, watafiti walipima hadi homoni ya kotisoli katika mate ya wagonjwa kabla na baada ya wiki sita, wakaona mpangilio wake wa kutwa umekuwa bora na dalili za sonona zimepungua. Lakini hawakuwa na kundi la kulinganisha. Msomaji mkali atasema ushahidi wa aina hii ni wa kubembeleza. Nakubali kwamba haujengi dawa. Ila nauliza vipimo vyenyewe vinatafuta nini. Ukichukua karatasi inayouliza tarehe na majina ya viongozi, ukamsomea mtu ambaye kwa wiki nane amekuwa akijadili rangi na nyuso, hutaona kitu, kwa sababu hukuuliza kuhusu kitu hicho. Hata hivyo sitaki kukimbilia nyuma ya hoja hiyo. Kama faida ipo kwenye saa moja na nusu ya ziara na kwenye jioni inayofuata, basi ipimwe hapo na idaiwe hapo tu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwa watu wanaoheshimu sanaa. Wanasema kuambiana kwamba kila jibu ni sahihi mbele ya mchoro ni kumbembeleza mgonjwa, na kumbembeleza mtu mzima ni kumdharau kwa sauti laini. Ni kweli kwamba ziara mbovu huishia hapo. Mwongozaji anaitikia “vizuri sana!” kwa kila neno, na mzee aliyekuwa hakimu au mwalimu mkuu anajua mara moja kwamba hasikilizwi. Wazee hawapotezi haraka uwezo wa kujua nani anawadanganya. Lakini njia iliyotungwa na Abigail Housen na Philip Yenawine, ambayo miongozo mingi ya majumba ya sanaa imeathiriwa nayo, ina swali linalozuia hilo: umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Swali hilo linamrudisha msemaji kwenye turubai. Akisema simba ana huzuni, anaombwa aonyeshe huzuni iko wapi, naye ananyosha kidole kwenye jicho au mkia. Sasa ametoa maoni na ametoa sababu, na mwenzake wa kiti cha pili anaweza kumpinga. Wakipingana ndipo ziara imefaulu. Ni mara ngapi tangu ugonjwa uanze mtu huyu amepingwa kama mtu mwenye hoja? Wengi wetu tukisema na wagonjwa hawa huwa tunakubali kila kitu ili tumalize. Kukataa maoni ya mtu kwa sababu zinazoeleweka ni heshima ambayo wao huikosa mapema kuliko nyingine zote.

Kwa sababu hiyo hiyo natofautiana kidogo na wale wanaoona kwamba kazi bora ya makumbusho kwa wagonjwa ni kuwarudisha zamani. Liverpool, majumba ya National Museums Liverpool yalianzisha mwaka 2012 mpango wa House of Memories, unaotumia vitu vya maisha ya zamani kuamsha mazungumzo na kuwafunza wahudumu, na umewasaidia watu wengi. Redio ya mbao au chupa ya maziwa ya enzi fulani inaweza kumfungua mzee aliyenyamaza mwezi mzima, na mkono hukumbuka mambo ambayo ulimi umeyaacha. Siukatai mpango huo. Lakini kitu cha zamani kina hatari yake: kinamvuta muulizaji kwenye mtihani. Mlikitumiaje? Mlikinunua wapi? Nani alikuwa anakitumia nyumbani kwenu? Swali moja zaidi na tumerudi kwenye ile sebule. Mchoro wa mgeni, wa mahali ambapo mgonjwa hakuwahi kufika, hauna jana ya kudaiwa. Ndiyo maana hata sanaa ya kisasa isiyofanana na kitu chochote, ambayo wengi wangedhani itawachanganya, inaweza kufanya kazi vizuri mbele yao; hakuna aliyewahi kuiishi, kwa hiyo hakuna aliyeisahau.

Tafiti hizi pia zimewahusu zaidi watu wa hatua za mwanzo na za kati za ugonjwa. Zipo aina za demensia zinazoshambulia kwanza uwezo wa kuona, na zipo zinazoleta maono ya vitu visivyokuwapo. Kwa wagonjwa hao ukuta wenye picha unaweza kuwa adhabu. Na waliofika hatua ya mwisho, wasioweza kukaa wala kusema, hawapelekwi popote. Tena wanaohudhuria New York au London ni wale ambao tayari wana mtu wa kuwapeleka na mazoea ya kwenda huko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ikiwa dawa ya upweke wao ni jumba la sanaa la Manhattan, basi wengi wao wamekufa bila dawa.

Lakini kinachofanya kazi kinaweza kusafiri bila jumba, na tuna mfano karibu. Mwaka 2003 Aimee Spector na wenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la watu 201, ambapo baadhi yao walihudhuria vikao 14 vya mazungumzo na shughuli za makundi. Tiba hiyo huitwa tiba ya kuchangamsha akili, na mojawapo ya kanuni zake ni kuuliza maoni badala ya mambo ya kukariri. Uwezo wa akili na ubora wa maisha vilipanda, na faida yake kwa akili ililingana na ile ya dawa za demensia zilizokuwapo. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wakifikiria michoro. Wamefika pale pale kwa njia nyingine, na hilo linaipa hoja hii nguvu kuliko utafiti wowote wa makumbusho peke yake. Wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako utafiti wa vijijini ulikuwa umekuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, vikao hivyo 14 vilirekebishwa ili vifae wazee ambao wengi hawakusoma sana, vikaendeshwa kwa wagonjwa 34. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa akili na katika ubora wa maisha. Hakukuwa na Rousseau ukutani. Kulikuwa na kundi, mtu aliyefunzwa kuongoza, na wazee walioulizwa wanaonaje.

Hata hivyo sioni kwa nini majumba yetu yakae pembeni. Nairobi Gallery ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, na Dar es Salaam ina Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni katikati ya mji. Zipo asubuhi ambazo kumbi hizo ziko kimya. Kinachotakiwa ni viti, kundi dogo, mwongozaji aliyefunzwa kunyamaza, na mlango wa choo usio mbali. La mwisho hili wapangaji hulisahau, na ndilo huamua kama familia itarudi. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kuwapeleka wazee Kijiji cha Makumbusho, wakaonyeshwe nyumba za makabila, vinu na mbuzi za kukunia nazi, waeleze zamani ilikuwaje. Wapelekwe, kwa siku nyingine. Kwa kuanzia ningeweka mbele yao chui wa mtindo wa Tingatinga, aliyepakwa rangi za mafuta juu ya ubao wa mraba kama Edward Saidi Tingatinga alivyoanza kufanya Dar es Salaam kabla ya kifo chake mwaka 1972, macho yale makubwa yakiwatazama wao, na ningewauliza chui huyu amekusudia nini. Kinyago cha shetani cha Kimakonde ningekiacha kwa ziara ya tatu au ya nne, na kwanza ningemuuliza sheikh au mchungaji wa mtaa asije akasusia.

Wanaosimamia makumbusho wana sababu nzuri ya kusema bajeti haitoshi kwa mradi wa wagonjwa. Fedha za MetLife kwa MoMA nazo zilifika mwisho mwaka 2014, baada ya miaka saba. Basi isiwe mradi. Iwe asubuhi moja kwa mwezi, mwongozaji mmoja, wazee sita na waliowaleta, na michoro minne iliyokwisha kuning’inizwa. Na wewe unayeuguza mzazi mahali ambapo makumbusho ya karibu ni safari ya siku nzima kwa basi, usisubiri. Kalenda ya dukani iliyo ukutani kwako ina picha. Kaeni mbele yake wewe na yeye, mwache atazame hadi atosheke, muulize anaonaje, na akisema jambo usilokubaliana nalo, mwambie hukubaliani na kwa nini.